Tunasoma riwaya baada ya zamu, matroni anasema tunapoteza muda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Naomba unisaidie jambo ambalo mtu wa nje ataliona dogo, lakini kwetu limeanza kuleta maneno.

Mwaka jana mimi na wenzangu wachache tulianza kusoma riwaya pamoja. Hatukuwa na mpango wowote mkubwa. Mwenzetu wa maabara alikuwa na nakala ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, akaiacha kwenye chumba cha manesi, na ikawa kila aliye zamu ya usiku anaisoma kurasa mbili tatu wodi ikitulia. Asubuhi mtu akija kupokea zamu, hata ripoti hajapewa, anaulizwa, "Wewe umefika wapi?" Basi tukakubaliana tuwe tunakutana Alhamisi baada ya makabidhiano ya mchana, wale tuliotoka zamu. Tuko manesi wanne, tabibu mmoja, huyo wa maabara, na mama wa usafi wa wodi yetu, ambaye anasoma kuliko sisi sote.

Kwa wasomaji wako wasioijua, ni habari ya Rosa, binti wa Ukerewe, anayelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye hataki hata kumwona amesimama na mvulana. Rosa akishatoka machoni pa baba anaharibikiwa, anatoa mimba, na mwisho anajiua.

Shida zetu ni hizi. Kwanza tabibu. Ni mtu mwema na mchapakazi, lakini kwake kila mhusika ni mgonjwa. Zakaria ana tatizo la pombe, apewe rufaa. Rosa ana sonona, mbona hakupelekwa kliniki ya afya ya akili? Akishasema hivyo mazungumzo yamekufa, maana nani atabishana na daktari?

Pili, tulipofika pale Rosa anapotoa mimba, mdogo wetu mmoja, nesi aliyeajiriwa karibuni, alianza kulia. Akasimulia habari ya binti aliyeletwa usiku akivuja damu, na maneno aliyomwambia binti yule mbele ya wagonjwa wengine. Alisema tangu asome kitabu kile usingizi umempotea. Sote tukanyamaza. Lakini katika kusimulia alitaja kijiji anakotoka binti na kazi ya baba yake, na mji wetu ni mdogo. Haikupita muda nikaisikia habari ileile kantini.

Ikamfikia matroni. Ameniita akaniambia kwamba kama tuna nafasi ya kusoma basi tusome miongozo ya uzazi salama, hadithi ni za wanafunzi wa sekondari. Hajatukataza waziwazi, ila tangu siku hiyo wawili hawaji.

Shangazi, niachane na jambo hili? Na hivi kweli riwaya inamfundisha mtu wa afya chochote, au tunajifurahisha tu? Matroni akiniuliza tena sina la kumjibu.

Nesi wa Wodi ya Wazazi

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na binti aliyeletwa usiku, kwa kuwa katika wote uliowataja yeye ndiye asiyejua kwamba anazungumzwa. Ni kweli jina lake halikutajwa. Lakini katika mji mdogo, kijiji ukikichanganya na kazi ya baba, jina limeshatajwa, na kantini imekuthibitishia hilo. Manesi wengi mmekula kiapo kinachoitwa cha Florence Nightingale, mishumaa mkononi. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na ndani yake mna ahadi ya kutunza siri za mgonjwa pamoja na mambo ya familia yake unayoyajua kwa sababu ya kazi. Mambo ya familia, mwanangu: kazi ya baba imo humo.

Kwa hiyo Alhamisi ijayo, kabla kitabu hakijafunguliwa, wekeni sharti lisilo na mjadala. Mgonjwa wa kweli haingii kwenye mazungumzo haya, kwa jina, kwa kijiji, wala kwa "kuna mmoja juzi". Na waliolisikia kantini uwafuate mmoja mmoja, uwaambie habari iishie kwao. Usingoje ipoe yenyewe. Habari za namna hiyo hazipoi, zinamsubiri binti siku ya posa.

Mtaona kwamba sharti hilo linawapa uhuru. Rosa hana faili hospitalini kwenu. Mnaweza kumlaumu, kumtetea, kukiri kila baya lililowapitia akilini mlipofika ukurasa ule, na hakuna mtu atakayeaibika akienda sokoni. Mtu wa afya ana nafasi chache mno za namna hii. Kila anayekutana naye kazini ni mtu wa kweli mwenye siri ya kweli, hivyo anayowaza juu ya wagonjwa anatembea nayo kimya, mpaka yanamtoka mdomoni saa nane za usiku, amechoka, mbele ya msichana anayevuja damu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya riwaya kwa nesi na kwa daktari. Inakupa mtu wa kumhukumu bila kumuumiza, halafu inakukalisha naye kurasa nyingi mpaka uanze kuitilia shaka hukumu yako mwenyewe.

Tazama kilichompata mdogo wenu. Binti wa wodini alimkuta mwishoni, akiwa na damu na presha imeshuka. Rosa alimkuta tangu nyumbani kwa Zakaria. Alikuwepo fimbo zilipoanguka, aliona jinsi msichana aliyenyimwa hata salamu ya mvulana alivyotoka kwao hajui lolote la kujilinda. Alipofika kwenye mimba hakuweza tena kusema "umeyataka mwenyewe", na hapo ndipo alipokumbuka kwamba aliwahi kuyasema maneno kama hayo. Kitabu hakikumwita mtu mbaya. Kilimwonyesha kurasa ambazo yule binti hakupewa nafasi ya kuzisimulia.

Sitapunguza uzito wa maneno yale. Matusi wanayotukanwa wanawake leba ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lililitolea tamko mwaka 2014, likasema wazi kwamba kila mwanamke ana haki ya huduma yenye heshima. Najua wodi zinajaa, najua nesi mmoja anaweza kuwa na wazazi watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja, na najua wapo wanaoamini kwamba ukali unaokoa mtoto. Msichana anayevuja damu haokolewi na ukali. Akitukanwa leo, mara nyingine atakaa nyumbani na damu yake, na dada zake waliosikia watakaa naye.

Huyo mdogo wenu msimwache peke yake, na msimfanye shujaa wa kutubu mbele ya kundi. Mtu anayekosa usingizi anahitaji kukaa na mtu mmoja mzima anayemwamini, pembeni: wewe, au mshauri nasaha wa hospitali, na usingizi usiporudi, daktari. Tena Rosa anajiua, na kitabu hakifichi. Kabla ya kufika mwisho mwambie kinachokuja, na awe huru kuacha.

Sasa tabibu. Nampenda huyo, usimfukuze. Mpeni Tolstoy.

Leo Tolstoy alitoa mwaka 1886 hadithi kuhusu kifo cha Ivan Ilyich, mtu wa mahakama aliyezoea kuwahukumu wenzake. Anaanza kuumwa ubavu. Anakwenda kwa daktari mashuhuri, na daktari anapima uwezekano: je, ni figo iliyohama mahali pake, au ni kidole tumbo? Ivan ana swali moja tu: hali yangu ni mbaya au si mbaya? Daktari analipita swali hilo kama kitu kisichohusika. Na Ivan anatambua, pale pale akiwa amekaa, kwamba sura aliyovaa daktari ndiyo anayoivaa yeye mahakamani mbele ya mshitakiwa. Madaktari wa baadaye wamebishana sana juu ya ugonjwa gani ulimuua Ivan, wengine wakisema ni saratani. Wanafanya kile kile alichofanya daktari wa kitabuni, kwa nia njema kabisa.

Hata hivyo msimkataze tabibu wenu kutaja ugonjwa. Mpeni kazi. Siku moja mlazeni Rosa wodini kwenu. Tabibu aandike faili lake kama anavyoandika kila siku: umri, malalamiko, mimba ya miezi mingapi, presha, mapigo, mpango wa matibabu. Aandike vizuri, asifanye mzaha. Faili likisomwa kwa sauti, kila mmoja aseme jambo moja alilolijua kuhusu Rosa kutoka kitabuni ambalo halimo kwenye faili. Hapo tabibu hatakuwa na la kufunga mjadala, maana mjadala unaanzia pale alipomaliza yeye. Halafu ulizaneni: katika hayo yaliyokosekana, lipi tungeweza kulijua kwa kuuliza swali moja la ziada, kwa sauti ya chini, pazia limevutwa? Mengine msingeyajua kamwe, na ni vizuri mkubaliane hilo pia. Si haki ya hospitali kujua kila kitu cha mtu.

Zoezi hili lina ndugu zake mbali. Rita Charon, daktari wa magonjwa ya ndani katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye pia amesomea fasihi mpaka shahada ya uzamivu, alianzisha mwaka 2000 programu ya tiba inayosikiliza masimulizi. Wanafunzi wake wa udaktari husoma riwaya neno kwa neno, na pia huandika kwa lugha ya kawaida yale kuhusu mgonjwa yasiyo na mahali kwenye faili. Na huko Maine, Marekani, tangu 1997 wafanyakazi wa hospitali wamekuwa wakikaa pamoja kusoma, madaktari na manesi na watumishi wengine, meza moja. Kwa hiyo mlichokianza nyinyi kwa nakala moja iliyosahauliwa kwenye chumba cha manesi ni kazi ambayo wengine wanaiheshimu.

Hiyo habari ya meza moja naomba uitilie maanani. Umeniambia mama wa usafi anasoma kuliko ninyi nyote, kisha hukuniambia hata jambo moja alilowahi kusema. Nadhani hasemi. Tabibu akisema kwanza, mama wa usafi hatasema, hivyo geuzeni zamu: aanze yeye, tabibu awe wa mwisho. Kwenye kile kitabu cha Tolstoy, wote wanaomzunguka Ivan wanamdanganya kwamba atapona, na uongo huo unamtesa kuliko maumivu. Asiyemdanganya ni Gerasim, kijana wa shamba anayemtolea choo na kumwinulia miguu mabegani mwake usiku kucha kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu. Mama anayepiga deki chini ya vitanda husikia wanayosema wagonjwa sista akishapita. Msikilizeni.

Umeuliza kama riwaya inafundisha kweli. Utakutana na watu watakaokwambia sayansi imethibitisha. Ni kweli mwaka 2013 watafiti wawili wa New York, Kidd na Castano, walichapisha katika jarida la Science kwamba kusoma hadithi za kifasihi kwa muda mfupi tu kunamwongezea mtu uwezo wa kutambua hisia za wengine. Wengine walipolirudia jaribio hilo, matokeo hayakujirudia. Kwa hiyo usimpelekee matroni hoja hiyo, ataivunja, na ataivunja kwa haki. Kusoma peke yake hakumfanyi mtu awe mwema. Wapo wasomaji wakubwa wa vitabu wenye roho ngumu, na wapo manesi wasiowahi kufungua riwaya ambao mkono wao ukikushika unapata nafuu. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kilichotokea chumbani kwenu: nesi mmoja alisoma, akamkumbuka mgonjwa, akajua alichomfanyia. Hakuna semina iliyomfikisha hapo.

Kwa matroni nenda mwenyewe, usimtume mtu. Anza kwa kumwambia ukweli wa kantini na sharti mliloweka, kabla hajauliza. Yeye ndiye anayejibu malalamiko ya ndugu wa wagonjwa, ana sababu ya kuogopa. Kuhusu miongozo, mwambie ana haki, na someni. Mwongozo ndio unaokwambia yuniti 10 za oksitosini, dawa ya kuzuia damu, mtoto akishatoka, na hakuna riwaya itakayozuia damu ya uzazi. Lakini mwongozo haukwambii kwa nini mama huyu alikaa na uchungu siku mbili nyumbani, na kama mama mkwe aliyesimama mlangoni ndiye sababu. Hilo utalijua kwa kumsikiliza mtu, na kusikiliza kunahitaji mazoezi kama kushona.

Na hili la kwamba hadithi ni za wanafunzi wa sekondari, mjibu kwa adabu kwamba Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 ilikatazwa kwa muda mashuleni, kwa kuwa watu wazima waliona inasema mno. Mwambie pia habari za Margaret Ogola wa Kenya. Alikuwa daktari wa watoto, akisimamia huduma ya matibabu ya yatima wenye virusi vya UKIMWI katika kituo cha Cottolengo, Nairobi, na ndiye aliyeandika The River and the Source, riwaya ya mwaka 1994 iliyopata tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika. Mwanamke yule hakuiona hadithi kuwa adui wa wodi, na wodi yake ilikuwa nzito kuliko nyingi.

Muda ukiwa ndio kisingizio, msianze na kitabu kizima. Anton Chekhov, ambaye naye alikuwa daktari na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1904, ana kisa kifupi cha 1886 kuhusu Iona, mzee anayeendesha kigari cha farasi mjini. Mwanawe amekufa wiki hiyo. Kila abiria anayempakia anajaribu kumwambia, na kila mmoja ana haraka yake. Mwisho anakwenda zizini, anamwambia farasi. Kinasomeka chote kwa sauti wakati wa chai. Mwombe matroni dakika hizo tu, siku moja, na yeye awepo. Usieleze chochote baada ya kusoma, wala usimuulize amejifunza nini. Acha wanywe chai yao.

Mkimaliza Rosa, pokezaneni Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, kilichotoka 2012 na ambacho vijana wengi wa Kenya walikisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Humo kuna mtoto mchanga, Uhuru, anayepelekwa zahanati akiwa mgonjwa, wauguzi wanaendelea na mambo yao, na mtoto anakufa. Najua ukurasa huo utawaumiza, na mtataka kusema kwamba mwandishi hakuhesabu walikuwa wangapi kwenye zamu wala dawa zilikuwepo au hazikuwepo. Semeni. Ni hoja ya haki na inafaa ijadiliwe na watu wanaoijua kazi. Siku hiyo hasa mwalikeni matroni, kwa sababu atawatetea manesi kuliko mtu yeyote mezani, na kundi lenu litahitaji mtu wa kuwatetea ili mzungumze mpaka mwisho.

Shangazi